Subaru ya turbo iliyokula chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miguu inayogonga na redio inayosumbua

Maelezo haya yanahusu Impreza WRX na STI za mwili wa GD na GG (2000 hadi 2007), Forester za turbo za mwili wa SG (2002 hadi 2007), Legacy GT za BP na BL (2003 hadi 2009), na Impreza za GR zilizoanza 2007. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe, kwa hiyo hata GD ya mwisho kabisa iliyoko Nairobi au Eldoret imeshapigwa na mashimo ya huku kwa miaka mingi. Tanzania inapokea yaliyozeeka zaidi, ilimradi ulipe tozo ya uchakavu. Huku na huko, haya ni magari yaliyoundwa kukimbia, na mtu aliyelikimbiza kabla yako hakukuachia maelezo.

Tumeanza na miguu, kisha redio na skrini. Kwa vyote viwili kazi ya kwanza haihitaji spana: ni kujua tatizo linatokea wakati gani. Anayekwambia ununue nini kabla hajakuuliza swali hilo anakupigia ramli.

Mguu wa mbele unagonga. Fundi anasema shokapu zimekufa. Ninunue?

Bado. Shokapu ndiyo spea ya bei kubwa kwenye mguu na ndiyo inayosingiziwa mara nyingi kuliko zote. Shokapu iliyokufa kwa kawaida haigongi. Inaachia: gari linapita tuta halafu linaendelea kunesa, pua inazama ukifunga breki, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi tairi linarukaruka badala ya kushika. Kugonga kwa chuma ni habari ya kitu kilicholegea.

Fanya hivi. Tafuta tuta linalokata barabara nzima, ulipite polepole ili matairi yote mawili ya mbele yapande kwa pamoja. Kisha tafuta shimo linaloingiza tairi moja tu. Matairi mawili yakipanda sawasawa, stabilaiza (fimbo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia) inazunguka tu kwenye bushi zake bila kubeba mzigo. Tairi moja likizama, stabilaiza inajipinda na linki zake zinavutwa kwa nguvu. Kwa hiyo gari linalonyamaza kwenye tuta na kugonga kwenye shimo la upande mmoja linakuelekeza kwenye linki za stabilaiza au bushi za stabilaiza yenyewe, spea za bei nafuu kabisa. Ukitaka uhakika, fungua linki zote mbili za mbele, zifunge kwa waya zisiguse kitu, kisha endesha mwendo wa mguu mahali palepale. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo usiingie nalo barabara kuu. Kelele ikiondoka, umeshajua cha kununua.

Likigonga kwenye tuta pia, angalia bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini. Kwenye Subaru hizi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya msukumo wa kufunga breki, na raba yake hupasuka kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Ingiza mtaimbo mdogo, sukuma amu mbele na nyuma, mwenzako akiwa ameshika tochi. Raba nzima inarudi; iliyopasuka inafunua mdomo. Dalili yake nyingine utaisikia ukifunga breki ukiwa unarudi nyuma: kishindo kimoja kizito, mara moja tu.

Shokapu angalia mwishoni. Ukungu mwembamba wa mafuta juu ya mwili wake si kesi. Mafuta yanayotiririka hadi kwenye kikombe cha springi ni kesi, na hapo badilisha mbili za upande wa mbele au mbili za nyuma kwa pamoja.

Nimebadilisha linki, bushi na boljointi. STI yangu bado inagonga tok-tok kwenye vijiwe vidogo. Ni nini?

Kama ni GDB (STI ya mwili wa GD) yenye shokapu za kiwandani, uwezekano mkubwa ni shokapu zenyewe, na hili ndilo kundi linalokwenda kinyume na nilichosema hapo juu. Shokapu za STI zimefungwa kichwa chini miguu juu: lile bomba nene ndilo linaloteleza ndani ya ganda, likishikwa na bushi zilizopakwa grisi. Ubunifu huo unazipa ugumu wa kustahimili kona kali. Lakini grisi ikikauka au bushi zikilika, bomba linacheza ndani ya ganda na kugonga kila tairi linapotikisika kidogo. Mwendo mdogo ndio unaozifichua. Ukikimbia, kelele ya barabara inazifunika.

Paki mahali palipo kimya, boneti likiwa wazi. Mwenzako atikise gari kwa kulisukuma kwenye ukingo wa paa, kushoto na kulia, si juu na chini. Wewe weka vidole kwenye ganda la shokapu, juu kidogo ya mahali linapofungwa kwenye nakoli, kile chuma kinachoshika haabu ya tairi. Mgongano wa bushi iliyolika unausikia vidoleni kabla hujausikia masikioni. Kama mtikisiko uko juu zaidi, karibu na mnara wa shokapu, basi ni maunti ya juu, kishikio cha shokapu kwenye bodi.

Grisi mpya inaweza kumaliza kelele kama bushi hazijaisha. Kazi hiyo inataka kutoa shokapu nzima na kubana springi kwa kifaa kinachoaminika, na hapo simshauri mtu kubahatisha: springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Kama bushi zimeisha, tafuta anayezifanyia ukarabati kamili au ununue jozi. Kuweka ya kichwa chini upande mmoja na ya kawaida upande wa pili ni kuharibu gari zuri.

Kama mwenye gari wa zamani aliweka koilova (shokapu na springi za kurekebishwa kimo) zenye maunti za chuma zisizo na raba, kelele fulani ni maumbile yake. Angalia ringi za kufungia springi kama zimelegea. Zikiwa zimekaza na maunti hazichezi, hiyo ndiyo sauti uliyoinunua.

Nitatofautishaje boljointi, tairodi na beringi?

Inua tairi kwa jeki, weka stendi imara, halafu shika tairi juu na chini ulitikise. Kukiwa na mchezo, mwenzako akanyage breki kwa nguvu wakati wewe unaendelea. Mchezo ukiisha, ni beringi, kwa sababu breki imeunganisha haabu na nakoli. Mchezo ukibaki, ni boljointi au maunti ya juu. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo hapo ni tairodi, au bushi za ndani za sanduku la usukani.

Boljointi yenye mchezo haisubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka tairi linalala chini ya mkingo wa tope na usukani hauna kazi tena.

Kwa magari yaliyoishi Hokkaido au kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, bolti inayobana boljointi kwenye nakoli mara nyingi imeganda kwa kutu. Iloweke mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Ikikatika ndani, kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili, na lawama haziishi.

Kuna mngurumo unaopanda na spidi. Tairi au beringi?

Tairi lililolika vibaya hulia kwa namna moja ukiwa umenyooka au umekata. Beringi hubadilika na mzigo. Kwenye barabara pana yenye usalama, yumbisha gari taratibu. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia. Mngurumo ukizidi, shuku beringi za kulia. Kwenye GD na Forester za zamani beringi za nyuma ndizo zinazokufa zaidi, na sauti yake husafiri kwenye bodi hadi ukadhani inatoka mbele, kwa hiyo usiamini masikio peke yake. Inua gari, zungusha tairi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika springi. Beringi mbovu inakwaruza hadi kwenye springi.

Nyingi za GD zinaingizwa kwa presi. Fundi anayezigonga kwa nyundo anakuuzia beringi iliyokwisha kuumizwa.

Forester yangu imelala nyuma kama imebeba mawe. Springi zimechoka?

Angalia kwanza kama ina shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe. Forester nyingi za SG zilitoka nazo. Ni nene kuliko za kawaida, na ndani yake kuna pampu inayoendeshwa na mtikisiko wa barabara: ukipakia mizigo gari linalala, ukiendesha kilomita chache linajiinua hadi kimo chake. Hakuna waya, hakuna kompyuta.

Kupima ni rahisi. Pakia watu watatu nyuma, pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa juu wa bodi, endesha kilomita chache kwenye barabara yenye mikwaruzo ya kawaida, kisha upime tena watu wakiwa bado ndani. Kama kimo hakikupanda, pampu zimekufa.

Watu wengi hukosea hapa: wananunua shokapu za kawaida na kuzifunga na springi zilezile. Springi za mfumo ule ni laini kwa makusudi, kwa kuwa shokapu ilikuwa inasaidia kubeba. Ukiondoa msaada huo, gari litabaki limelala na shokapu mpya zitagota chini kila tuta. Ukihamia kwenye shokapu za kawaida, hamia na springi zake. Kuongeza vipande vya raba katikati ya springi kunainua gari kwa macho tu. Springi inakuwa ngumu mahali pamoja, na siku moja inakatika.

Nikiachia klachi au nikiingiza gia kuna kishindo chini. Ni miguu?

Kwa kawaida siyo. Injini ya Subaru inazuiwa isijiviringishe na fimbo fupi nyuma yake juu, karibu na ukuta wa kabini, yenye raba kila ncha. Raba hizo zikiisha, injini inajitupa kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Fungua boneti, mtu aingize gia na kuachia klachi kidogo huku breki ya mkono imeshikwa barabara na wewe umesimama pembeni, kamwe si mbele ya gari. Utaiona ikiruka. Ikiwa imetulia, nenda nyuma ukakague bushi za difu.

Nikikata usukani wote kwenye maegesho, gari linajikwaa kama limefungwa breki.

Hapo tatizo liko kwenye mfumo wa kugawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye manyuo (gia za mkono) ni kiunganishi cha difu ya kati, kwenye otomatiki ni klachi ya kupeleka nguvu nyuma. Baadhi ya otomatiki za gia 4 zina kishikio cha fyuzi chenye maandishi FWD ndani ya boneti. Ukiweka fyuzi hapo gari linavuta kwa mbele tu, na kujikwaa kukiisha umepata jibu. Usiendelee kuliendesha hivyo kwa wiki.

Lakini kabla ya yote hayo, chukua futi ya fundi cherehani ukapime mzunguko wa matairi yote manne. Subaru inataka tofauti isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Mtu akipata pancha isiyozibika, akaweka tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika, difu ya kati inafanya kazi muda wote bila kupumzika. Yapo magiaboksi yaliyouawa namna hiyo, na mwenye gari alidhani amefanya uungwana kununua tairi jipya.

Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona huku ukivuta ni wa jointi ya nje ya draivishafti. Tazama buti lake, raba inayoifunika; likichanika, mchanga umeshaingia.

Kwa nini bushi mpya hazimalizi hata mwaka?

Mara nyingi si ubovu wa bushi, ni ufungaji. Bushi ya raba haizunguki, inajikunja. Fundi akikaza bolti za amu gari likiwa limening'inia juu ya jeki, raba inashikwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa raba imeshajikunja kabla halijatembea, na kila tuta linaikunja zaidi hadi inachanika. Bolti zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Simama pale uone likifanyika. Ni haki yako kama mteja, na fundi mzuri hatachukia.

Alaimenti haishiki. Nimepima mara kwa mara, gari bado linavuta upande.

Uliza kama shokapu za mbele zilitolewa karibuni. Bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu kwenye nakoli ina kichwa chenye nundu. Ukiizungusha, tairi linalala ndani au nje. Aliyetoa bila kuweka alama amepoteza kipimo, na mashine inayorekebisha tairodi peke yake hairudishi kitu hicho. Na usipime alaimenti kwenye gari lenye bushi mbovu, kwani namba zitabadilika kabla hujafika nyumbani.

Kelele za bati linalotetemeka?

Ngao za joto za ekzosi. Kutu imekula bolti. Klipu kubwa ya chuma inatosha. Kwenye breki za Brembo, kelele ikikoma unapogusa pedali ya breki kidogo, ni pedi zinazocheza ndani ya kalipa: badilisha pini na springi zake za kubana.

Nimenunua rimu za STI zilizotumika. Zinaingia?

Hesabu matundu na upime. Impreza nyingi za GD, pamoja na STI za mwanzo, ni 5 kwa 100, yaani matundu 5 kwenye duara la milimita 100. STI za kuanzia modeli ya 2005 ni 5 kwa 114.3. Tofauti hiyo haifichiki, rimu haikai. Hatari inayojificha iko kwenye nati: za Subaru zina uzi wa 1.25, za Toyota 1.5, unene uleule wa milimita 12. Nati ya Toyota inaingia mizunguko miwili kwenye stadi ya Subaru, halafu inakaza kwa kulazimishwa na spana ya upepo, na uzi unakwisha. Nati iingie kwa vidole hadi mwisho, kisha ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, karibu Nm 100.

Mashine ya kompyuta inaweza kuonyesha ubovu wa miguu?

Haiwezi. Miguu ya magari haya ni chuma, raba na mafuta. Kompyuta inajua spidi ya kila tairi kupitia ABS, basi. Faida moja ipo: taa ya ABS ikiwaka baada ya kubadilisha beringi kwenye GR, huenda beringi yenye pete ya sumaku imewekwa pete ikiwa upande usio na sensa, au imeumizwa. Anayechomeka mashine ili kutafuta mguu unaogonga, usimlipe kwa hilo.

Tuje kwenye redio. Kwa nini inashika stesheni mbili tatu tu?

Magari haya yalipotengenezwa, Japani ilikuwa inarusha FM kati ya megahezi 76 na 90. Sisi tunarusha kati ya 87.5 na 108. Redio iliyokuja na gari inasikia kile kipande kidogo cha mwanzo peke yake. Haijaharibika.

Kuna kifaa kidogo kinachowekwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Cha kushusha 20 kinafanya stesheni ya 98.4 ionekane kwenye 78.4. Piga hesabu kabla hujanunua: dirisha la Kijapani lina upana wa 14, masafa yetu yana upana wa zaidi ya 20. Kwa hiyo cha 20 kinakupa kuanzia 96 kwenda juu, na stesheni zako za 91 hadi 95 zinapotea. Cha 12 kinakupa 88 hadi 102. Orodhesha stesheni unazozisikiliza kwa kweli, kisha chagua. Kama zimetawanyika, nunua redio nyingine, utapumzika.

Ukibadilisha redio na mpya ikashika vibaya kuliko ya zamani, tafuta waya wa bluu. Antena nyingi za kwenye kioo zina amplifaya yake ndogo inayosubiri umeme kutoka kwenye redio. Fundi akiuacha waya huo ukining'inia, antena inakuwa kiziwi.

Televisheni ya ndani ya gari iache. Japani hutumia mfumo wa ISDB-T na sisi DVB-T2. Hakuna mpangilio wa menyu utakaoziunganisha.

Saa ya skrini iko mbele saa 6 na haikubali kubadilishwa.

Skrini inapokea muda kutoka kwenye setilaiti na kuuonyesha kwa saa za Japani, ambayo iko mbele yetu kwa saa 6. Kwa msomaji wa Kiswahili hili lina raha yake: mchana wa saa saba Dar es Salaam au Mombasa, Japani ni saa moja usiku, ambayo skrini ya saa 12 huiandika 7:00. Yaani gari kutoka Japani linasoma saa kama bibi yako anavyozisoma, na liko sahihi kutwa nzima. Wapo wanaoliacha hivyo.

Kama tarehe ndiyo imerudi nyuma karibu miaka 20, sababu ni nyingine. Setilaiti za GPS huhesabu wiki hadi 1024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Baadhi ya navigesheni za zamani hazikuandaliwa kwa hilo. Betri mpya haitasaidia.

Kila nikiwasha gari mwanamke anazungumza Kijapani. Anaonya nini?

Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani, kimefichwa chini ya dashibodi au kwenye kisanduku cha abiria. Huku hakina kazi. Chomoa plagi yake, usikate waya, na injini haitajua chochote.

Tulitoa betri, sasa skrini inadai namba ya siri au diski ya ramani.

Subaru hizi zilifungwa navigesheni za watengenezaji tofauti: Kenwood, Clarion, Panasonic, Pioneer. Baadhi hujifunga zikikosa umeme, kama kinga ya wizi, hasa kama mwenye gari wa Japani aliweka namba yake. Usiendelee kubahatisha namba. Itoe redio, piga picha lebo iliyo juu ya mwili wake yenye modeli na namba ya utambulisho, ndipo utafute msaada. Diski ya ramani au kadi ya SD ikiwa bado imo ndani, iache humo hata kama ramani ni ya Osaka. Redio nyingine bila hiyo hazifunguki kabisa. Na siku nyingine ya kubadilisha betri, mwambie fundi aunganishe umeme wa akiba kabla ya kutoa ile ya zamani.

Redio ya Android inajizima na kujiwasha.

Ikijizima wakati wa kupiga starta tu, ni kawaida ya swichi ya funguo kukata umeme wa redio kwa muda huo. Ikijizima ukiwa barabarani, pima. Weka multimita kwenye waya wa njano na mweusi nyuma ya redio, sauti ikiwa juu, halafu pima moja kwa moja kwenye betri. Tofauti ya zaidi ya nusu volti inamaanisha kuna mahali waya umesokotwa na kuzungushiwa gundi badala ya kuchomelewa. Injini ikiwa inanguruma betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na kitu, alternata ndiyo mgonjwa.

Umeme ukiwa safi, shika mgongo wa redio baada ya nusu saa ya jua. Nyingi za bei ya chini hujizima kwa joto.

Kwa Legacy nina onyo la peke yake. Paneli ya redio na ya kiyoyozi ni kitu kimoja, kwa hiyo kubadilisha redio kunagusa vitufe vya kiyoyozi. Usikubali kazi hiyo kabla hujaona fremu yenyewe na gari jingine lililofungwa, kiyoyozi kikifanya kazi.

Spika zinapiga mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta.

Unacheza muziki kutoka kwenye simu iliyochomekwa chaji ndani ya gari? Chomoa chaji. Mluzi ukiisha, njia mbili za ethi zinagombana, na kichujio kidogo kwenye waya wa sauti kinatosha. Usipoisha na una amplifaya, chomoa nyaya za sauti zinazoingia humo. Mluzi ukibaki, ni umeme au ethi ya amplifaya: kwangua rangi hadi chuma king'ae, kisha ufunge ethi upya. Ukikoma, ni redio au njia ya nyaya hizo, ambazo aghalabu zimelazwa pamoja na waya mkubwa wa betri. Zipitishe upande wa pili wa gari.

Spika moja imekufa, na nyingine inakata kwenye mashimo.

Ya kwanza: ichomoe uiguse kwa betri ndogo ya volti 1.5. Ikitoa mlio mfupi, spika ni nzima na ubovu uko kwenye waya au redio. Kabla ya kuvunja dashibodi, fungua mlango polepole muziki ukiwa unapiga. Sauti ikija na kupotea, waya umekatika ndani ya raba ya bawaba, unapojikunja kila mlango unapofunguliwa.

Ya pili ipeleke kwenye uwanja wa matuta na mashimo tulioanza nao. Gari likiwa limesimama, piga dashibodi kwa kiganja, kisha utikise plagi za redio moja moja. Ikikata, umeipata. Isipokata, mtu atikise gari kwa ukingo wa paa. CD au DVD inayoruka kwenye kila kijiwe ni mashine iliyochoka kwa vumbi na umri, lakini ikianza kuruka ghafla mwezi uleule gari lilipoanza kunesa, kagua shokapu kwanza.

Betri inaisha usiku tangu nibadilishe redio.

Huenda fundi ameunganisha waya wa njano (umeme wa kudumu) na mwekundu (umeme wa funguo) pamoja, hivyo redio hailali. Hakikisha kwa kupima: funga milango yote na boneti libaki wazi, toa kichwa cha hasi, weka multimita katikati kwa kipimo cha ampea 10. Usipige starta wala kuwasha taa wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri kama nusu saa mifumo ilale. Chini ya miliampea 50 ni salama. Ikiwa juu, chomoa fyuzi moja moja ukianza na ya redio, na kila inapochomolewa soma mita. Ile inayoshusha namba ndiyo yenye mwizi. Kama hakuna fyuzi iliyoshusha, fuata waya mnene wa amplifaya: mara nyingi umetolewa betrini moja kwa moja, na hapo uangalie kama una fyuzi yake karibu na betri. Kama hauna, usiegeshe gari ndani ya nyumba hadi iwekwe.